Sura ya Sita: Fidia ya Mtendaji Aliyehamia kwa Mtani

Mtu anapoiacha kazi aliyoaminiwa, akaenda kuifanya kazi ile ile kwa mshindani wa tajiri wake wa jana, huzuka maswali mawili ambayo mashabiki wa michezo huyachanganya daima, na kwa kuyachanganya hukesha wakibishana bila ya kufika popote: la kwanza ni kama alikuwa na haki ya kwenda, na la pili ni kama aliyempokea ana deni kwa aliyeachwa. Nia ya sura hii ni kuyatenga maswali hayo, kulipa kila moja jawabu lake, na kubainisha kwamba vilabu vya Afrika Mashariki, ambavyo vimeanza karibuni kuajiri watendaji wa mshahara, vitapata hasara na fadhaa maadamu vinaingia katika soko hilo bila ya mikataba iliyoandikwa kwa insafu.

Mjadala huu nimeusikia ukiwa hai kuliko popote katika mtaa wa Pumwani. Pumwani iliasisiwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe makazi ya Waafrika wa Nairobi, ikakusanya watu wa pwani, Wamanyema, Wanubi, Wakikuyu, Wakamba na wengineo, ambao Kiswahili kiliwaunganisha wote na Uislamu ukawaunganisha wengi wao. Na hata leo, baada ya sala ya alasiri, muuza kahawa wa Majengo, kitongoji cha Pumwani, akiisha kuliweka birika lake la shaba juu ya makaa na kuvisuuza vikombe vyake vidogo, benchi hujaa wazee na vijana wasiokubaliana juu ya jambo lolote la mpira, ila kwamba mpira lazima uzungumzwe. Uwanja wa City, katika barabara ya Jogoo, ambao mwaka 2019 ulipewa jina la marehemu Joe Kadenge, ni mwendo wa miguu kutoka hapo, na kwa hiyo furaha ya K'Ogalo, yaani Gor Mahia, na huzuni ya Ingwe, yaani AFC Leopards, huingia vichochoroni kabla ya jua kuchwa. Lakini kwa ajili ya lugha, ya dini na ya biashara, habari za Simba na Yanga za Dar es Salaam nazo hazihesabiwi hapa kuwa habari za ugenini.

Kadhia iliyoligawa benchi zaidi ni ya Agosti 2020. Senzo Mazingiza, raia wa Afrika Kusini, alikuwa ameajiriwa na Simba mwaka 2019 kuwa mtendaji mkuu, akaushika wadhifa huo katika msimu ambao Simba ilitwaa ubingwa wa ligi pamoja na kombe la shirikisho. Kisha, msimu ukiwa umekwisha na usajili umepamba moto, alitangaza kujiuzulu, na mara Yanga, watani wa jadi, wakamtambulisha kuwa mtu wao, mshauri katika mpango wa kuubadili mfumo wa uendeshaji wa klabu. Baadaye akawa kaimu mtendaji mkuu wa Yanga, na hakuondoka mpaka 2022, mwaka ambao Yanga ilichukua ubingwa bila ya kufungwa mchezo hata mmoja wa ligi, ikaukatiza utawala wa Simba wa misimu minne. Na katikati ya muda huo, mwaka 2021, msemaji wa Simba, Haji Manara, naye aliivuka njia hiyo hiyo, ingawa kwake yeye Yanga ilikuwa nyumba ya baba, kwa kuwa mzee wake, Sunday Manara, alikuwa nyota wa klabu hiyo katika miaka ya 1970.

Hoja ya upande mmoja ilisemwa na fundi cherehani, mzee aliyeinukia Majengo, naye aliisema kwa uchungu wa kweli. "Mwanangu," alimwambia kijana muuza mitumba wa Gikomba aliyeketi kando yake, "mchezaji anapohama, klabu hulipwa. Sasa huyu aliyewasajili wachezaji wenyewe, anayejua kila mmoja analipwa nini na mkataba wake unakwisha lini, akihama yeye, tunalipwa nini?"

Kijana hakukosa jawabu. "Mzee wangu, Simba walimwajiri, hawakumnunua. Wewe ulipoacha kushona katika duka la tajiri wako ukafungua lako, ulimlipa fidia?"

Mzee alikishusha kikombe. "Nilitoka na mikono yangu," akasema. "Sikutoka na daftari lake la vipimo vya wateja."

Katika maneno hayo machache imo tofauti ambayo wanasheria huieleza kwa kurasa nyingi, nami nitaichukua kuwa mizani ya sura nzima. Mikono ni ya mtu mwenyewe: ni ujuzi wake, tajiriba yake, busara aliyoichuma kwa miaka, nayo humfuata aendako wala hapana mwajiri awezaye kuidai. Daftari ni la nyumba: ni siri za mishahara, orodha ya wachezaji wanaotafutwa, masharti ya wafadhili, mazungumzo yaliyofanywa kwa jina la klabu. Mtu ana haki ya kuondoka na mikono yake, na hana haki ya kuondoka na daftari. Na fidia, ikiwa ipo, lazima ihesabiwe kwa mizani hiyo, si kwa ukubwa wa hasira ya walioachwa.

Yafaa kueleza kwa nini jambo hili limechelewa kuwafikia mashabiki wa Nairobi katika vilabu vyao wenyewe. Gor Mahia, iliyoasisiwa 1968, na AFC Leopards, iliyoasisiwa 1964 kwa jina la Abaluhya, ni vilabu vya wanachama, na mwenyekiti wake hupatikana kwa kura. Amepewa dhamana na jamii, na haiyumkiniki kwamba mwenyekiti wa Gor aamke siku moja akaketi katika kiti cha mwenyekiti wa Ingwe, kwani hapana mwanachama ambaye angempa kura yake. Simba na Yanga nazo zilizaliwa na wanachama, Yanga mwaka 1935 na Simba mwaka mmoja baadaye kutokana na mgawanyiko wa Yanga yenyewe. Lakini Simba, ilipomkubali mwaka 2017 mfanyabiashara Mohammed Dewji kuwa mwekezaji kwa shilingi bilioni 20 za Tanzania na hisa asilimia 49, iliingia katika mfumo wa kampuni, na kampuni huendeshwa na mtendaji wa mshahara. Kazi ikiisha kuwa ya mshahara, mwenye mshahara mkubwa zaidi anaweza kuitolea bei. Basi kinachoonekana kuwa usaliti wa mtu mmoja aghalabu ni matokeo ya mfumo ambao klabu yenyewe imeuchagua, na aliyechagua faida ya mfumo hana budi kuzipokea taabu zake pia.

Sheria za mpira nazo zimempa mchezaji uzito na kumwacha mtendaji nje. Meddie Kagere mwaka 2018, Francis Kahata mwaka 2019 na Joash Onyango mwaka 2020 walitoka Gor Mahia wakaenda Simba, na mashabiki wa Pumwani waliyajadili mahamisho yao wakiwa na kanuni za kushika. Kanuni za FIFA zinataka klabu iliyomlea kijana kati ya umri wa miaka 12 na 21 ilipwe fidia ya malezi. Zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe vilabu vyote vilivyomlea. Na zinaweka fidia kwa anayevunja mkataba bila ya sababu ya haki. Tangu Januari 2021 makocha nao wamewekewa masharti yao katika kanuni hizo. Mtendaji mkuu, mkurugenzi wa ufundi na msemaji hawamo. Kwao sheria ni ya kazi: Kenya, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya 2007, anayelipwa kwa mwezi hutakiwa kutoa notisi ya siku 28 au kulipa mshahara badala yake, na sheria ya Tanzania ya 2004 nayo inataka notisi isiyopungua siku 28. Hiyo ndiyo dhima yote iliyopo, isipokuwa mkataba wenyewe uwe umeongeza neno.

Walimwengu wengine wamelijaribu jawabu jingine, na mfano uliojadiliwa zaidi umetoka Marekani, katika mchezo wa besiboli. Theo Epstein alipewa usimamizi wa Boston Red Sox mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 28, na miaka miwili baadaye klabu hiyo ikatwaa ubingwa iliokuwa ikiungoja tangu 1918, kisha ikautwaa tena mwaka 2007. Oktoba 2011, mkataba wake ukiwa umebakiwa na mwaka mmoja, Chicago Cubs wakamtaka awe mkuu wa shughuli zao zote za mchezo. Ada ya besiboli ni kwamba klabu hairuhusu mtu wake ahamie cheo kile kile kwingine, lakini humruhusu akipandishwa cheo. Na katika mchezo huo deni la klabu kwa klabu aghalabu hulipwa kwa wachezaji. Boston wakamruhusu aende, na vilabu vikakubaliana kwamba fidia itajadiliwa baadaye.

Hapo ndipo mashabiki wa miji miwili walipoingia vitani. Wa Boston walisema kwamba aliyeondoa ukame wa miaka 86 hawezi kuondoka kwa kipande cha karatasi, wakataja kwa majina wachezaji wa kwanza wa Chicago, mrushaji Matt Garza na kijana Starlin Castro. Wa Chicago wakajibu kwamba wanachonunua ni mwaka mmoja tu wa mkataba, wala si vikombe vilivyokwisha kuchukuliwa. Miezi ikapita, kamishna wa mchezo, Bud Selig, akatishia kulikata shauri mwenyewe, na Februari 2012 ikatangazwa kwamba Boston watapewa mrushaji kijana aitwaye Chris Carpenter, na wachezaji wengine wawili wa daraja la chini watabadilishwa baadaye. Carpenter alifanyiwa upasuaji wa kiwiko muda mfupi baada ya kufika, akacheza michezo 8 ya ligi kuu kwa Boston, kisha habari yake huko ikaishia hapo. Epstein naye mwaka 2016 aliifikisha Chicago kwenye ubingwa ambao haikuupata tangu 1908.

Anayeyatazama matokeo hayo juu juu atasema Boston walipunjwa. Mimi sisemi hivyo. Boston walitwaa ubingwa mwaka 2013, miaka miwili baada ya Epstein kuondoka, na wachezaji wengi waliowapa ubingwa huo walikuwa wamepatikana au kulelewa katika zamani zake. Hii ni hoja ambayo mashabiki huisahau katika kila mjadala wa namna hii: msimamizi mwema huondoka yeye, lakini kazi yake hubaki, na yule aliyeachwa huendelea kuvuna katika shamba ambalo mlimaji wake hayupo tena. Simba nayo, baada ya Senzo kuondoka, ilimweka Barbara Gonzalez katika kiti hicho, ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2021 na kuutetea ubingwa wake wa nyumbani. Klabu iliyojengwa vizuri haianguki kwa kuondokewa na mtu mmoja, na klabu inayoanguka kwa sababu hiyo ilikuwa imekwisha kuoza kabla hajaondoka.

Pana jambo moja katika desturi hiyo ya Marekani ambalo sisi tusiliige abadan, nalo ni kulilipa deni la mtu kwa mtu mwingine. Mwaka 1976 Oakland walimwachia meneja wao, Chuck Tanner, aende Pittsburgh, wakapokea fedha pamoja na mdakaji Manny Sanguillén. Na Carpenter naye alihamishwa mji na maisha yake kwa sababu bosi mmoja alipata cheo mahali pengine, ilhali yeye hakuwa mdai wala mdaiwa. Katika mpira wetu wa miguu mchezaji hahamishwi mpaka atie sahihi yake mwenyewe, na kanuni hiyo ni ya heshima kwa binadamu. Fidia ya mtendaji, kama ipo, na iwe fedha, wala isiwe kijana wa akademia anayesafirishwa kwenda kuziba pengo ambalo hakulifanya yeye.

Waingereza walichukua njia ya fedha, na vijana wa Pumwani wenye mapenzi na Manchester United waliifuata kadhia moja ya namna hiyo siku kwa siku. Februari 2024 Dan Ashworth, mkurugenzi wa michezo wa Newcastle United, aliitaarifu klabu yake kwamba anataka kwenda Manchester. Newcastle wakampa likizo ya lazima, mshahara ukiendelea lakini mlango wa ofisi umefungwa, na magazeti ya Uingereza yakaandika kwamba walidai kiasi cha pauni milioni 20. Mapatano yalifikiwa baada ya miezi kadhaa, Ashworth akaanza kazi Julai, na kabla ya mwaka kwisha, mwezi wa Desemba, akaachana na Manchester. Yaliyofanywa na Newcastle yana mafunzo mawili. Waliilinda siri yao kwa kumweka mtu nje ya ofisi kipindi kile ambacho mipango ya usajili ingali mibichi, na walikuwa na haki ya kudai kwa sababu walikuwa na maandishi ya kudaia.

Maandishi ndiyo kiini cha jambo, na Pumwani inalijua hilo kwa machungu kuliko mitaa mingi. Pangani ya zamani, kijiji cha Waafrika waliojenga nyumba zao kwa jasho lao, ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wake wakahamishiwa Pumwani na katika mtaa mpya wa Shauri Moyo. Na Pumwani kwenyewe waliojenga walipewa idhini ya kiwanja, hawakupewa milki ya ardhi. Mtu aliyekaa miaka mingi bila ya hati anaposimama mbele ya mwenye mamlaka kuomba fidia, huulizwa karatasi yake iko wapi, na miaka yake yote haimsaidii. Watoto na wajukuu wa watu hao ndio wanaokaa katika benchi la kahawa leo, na ndio wanaolipa ada za uanachama wa vilabu. Hawapaswi kuingia katika kosa lile lile kwa hiari yao, ilhali babu zao waliingizwa kwa nguvu.

Basi nini kiandikwe? Naona mambo matatu yatosha. Kwanza, mkataba utaje muda wake na kiasi kitakacholipwa na anayeuvunja kabla ya muda, kiasi hicho kipungue kila mwaka unaopita, na kimfunge pia mwajiri anayemfukuza mtu bila ya sababu. Kwani mkataba unaomfunga mmoja ukamwacha mwenziwe huru ni dhuluma, hata ukitiwa sahihi mbele ya mashahidi. Pili, notisi ya mtendaji mkuu iwe ndefu kuliko siku 28 za sheria, tuseme miezi mitatu, na klabu iwe na ruhusa ya kumweka nyumbani kwa mshahara kamili katika muda huo, hasa dirisha la usajili likiwa wazi. Tatu, yawepo makabidhiano: hesabu, mikataba ya wachezaji, barua za wafadhili na funguo za kurasa za klabu mitandaoni zikabidhiwe kwa orodha, na kila upande utie sahihi, ili daftari libaki nyumbani hata mikono ikienda.

Kumzuia mtu asifanye kazi kwa mtani kwa miaka mingi ni jambo jingine kabisa, nami nalipinga. Kenya ina sheria juu ya mikataba inayozuia biashara, sura ya 24 ya sheria zake, inayoipa mahakama uwezo wa kulibatilisha zuio lisilo la haki kwa wenye mkataba au lenye madhara kwa umma, na hekima ya sheria hiyo ni bayana: mtu aliyejifunza uendeshaji wa klabu hana pengine pa kuutumia ujuzi huo ila katika klabu, na vilabu vikubwa katika nchi zetu vinahesabika kwa vidole. Tukimfungia milango yote kwa jina la uaminifu, tutakuwa tumemgeuza mwajiriwa kuwa mtumwa. Wala vijana wenye elimu hawatakubali kuja kuvihudumia vilabu vyetu wakijua kwamba mlango wa kuingilia hauna wa kutokea.

Yule fundi cherehani, nilipomweleza mambo haya, aliniuliza kama fidia hiyo ingemwondolea shabiki uchungu wake. Nilimjibu kwamba haiwezi, wala haikuwekwa kwa kazi hiyo. Uchungu wa shabiki unatokana na mapenzi, na mapenzi hayana ada ya uhamisho. Anayedai alipwe kwa ajili ya uchungu atadai milioni 20 leo na 40 kesho, na bado atajiona amedhulumiwa. Fidia ni kwa ajili ya muda uliovunjwa na siri iliyohatarishwa, vitu viwili vinavyopimika. Yaliyobaki ni heshima, nayo hulindwa na klabu yenyewe kwa kumlipa mtu wake kwa wakati, kutomwingilia katika kazi aliyopewa, na kumuaga kwa adabu siku anapokwenda, hata akiwa anakwenda ng'ambo ya pili ya barabara.

Kwa hiyo mwanachama anayeipenda klabu yake asingoje mpaka mtendaji aonekane kwenye picha akiwa ameshika jezi ya mtani ndipo aanze kupiga kelele. Katika mkutano mkuu, kabla ya kuuliza juu ya mshambuliaji mpya, na asimame aulize kwa utulivu: mkataba wa mtendaji wetu unakwisha lini, notisi yake ni ya muda gani, na akiondoka kesho, nani atapokea daftari? Uongozi ukiyajibu maswali hayo matatu, klabu haina la kuogopa kwa mtani yeyote. Ukishindwa kuyajibu, basi makosa ni ya walioketi mezani, na aliyeondoka asibebeshwe taksiri ambayo si yake.